Nani Alimtahini Mtahini wa Kwanza?

Karatasi tupu ilitangulia, maneno yakafuata. Ndiyo iliyokuwa desturi ya mahali pale. Kila Badiliko lilipokuwa njiani, Idara ya Fasihi ya Kiingereza ilibandika ubaoni karatasi nyeupe isiyo na hata nukta, ili watu waanze kuizoea. Na watu waliizoea, ajabu iliyoje! Asubuhi ile walikuwa wamesongamana mbele ya karatasi ya Badiliko la Tisa, wanafunzi kwa walimu, wengine wakitikisa vichwa kwa masikitiko, wengine wakisema afadhali, lilichelewa kuja. Mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema kifungu cha pili ndicho kilichomgusa zaidi. Kifungu cha pili kipi, na ukurasa mzima ni mweupe kama unga? Lakini nani wa kuuliza.

Mwanafunzi mmoja, jina lake Sikudhani, alipita nyuma yao bila kusimama. Alikuwa ameikumbatia tasnifu yake kifuani, kurasa mia tatu na kumi na mbili, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Saa nne angeitetea mbele ya jopo. Akifaulu, jina lake lingeingia katika daftari la wahitimu na tasnifu yake ingewekwa rafuni maktabani, asome atakayetaka kusoma. Badiliko likimnasa kabla ya hapo, basi tena. Kurasa zake zingepelekwa kwa mhazili, na matangazo mapya yangechapwa migongoni mwake. Ndivyo zilivyokwisha tasnifu za wenzake wote. Ungegeuza tangazo lolote la ubao ule, ungekuta nyuma yake nusu ya hoja ya mtu, imekatwa katikati ya sentensi.

Aliingia Programu ile ya Idara miaka tisa nyuma, au minne, au kumi na saba. Ilitegemea unahesabu kwa Badiliko lipi. Mabadiliko ya kwingine huanza kesho. Ya pale yalianza jana. Kila moja lilimalizika kwa mstari kwamba linaanza kutumika tangu mwaka fulani uliokwisha kupita, na likisomwa kwa sauti mbele ya watu, basi mwaka ule ulikuwa umepita namna hiyo, hata kama jana ulikumbuka vingine. Badiliko la Kwanza lilisema riwaya zisomwe kwa muhtasari, na papo hapo hakuna aliyekumbuka kuwahi kusoma riwaya nzima. Mwalimu mmoja mzee, ambaye kila akikumbuka mwisho wa kitabu fulani alitokwa na machozi, alibaki akijigusa mashavu na kushangaa maji yale yametoka wapi. La Nne liligeuza jina la shahada likawa Shahada ya Stadi za Lugha ya Ulimwengu, na waliohitimu wiki iliyotangulia walionekana wakirudi getini, majoho mkononi, wakiuliza darasa la mwaka wa kwanza liko wapi. Hayo ya katikati sitaki hata kuyataja, yananitia kichefuchefu. Hebu fikiria mtu analala mwanafunzi wa mwaka wa tano, anaamka wa mwaka wa kwanza, na picha ya kitambulisho chake ni ya mwanamke mwingine aliyefanana naye kidogo kwenye nyusi.

Kila aliporudishwa mwanzo, Sikudhani aliianza upya Kozi Sifuri, Utangulizi wa Kusoma. Ilikuwa kozi ya dharau. Haikuwa na mwalimu. Chumba kimoja, meza moja, kitabu kimoja kisicho na jalada. Unaingia, unakisoma mpaka mwisho, unaandika ulichokisoma, unatoka. Wenzake walisainiana tu na kwenda zao. Yeye alikisoma. Mara ya kwanza alikisoma kwa woga, mara ya pili kwa hasira, na kuanzia mara ya tatu akaanza kukipenda, ingawa asingekubali kumwambia mtu. Mara nane alikaa katika chumba kile, na mara nane alifaulu, na mara nane hakuna aliyempa hongera.

Akaingia ofisini kwa mhazili.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo, unafukuzwa?"

"Nafukuzwa kweli. Limeshaandikwa?"

Bi Tabu alikuwa mhazili wa Idara tangu Idara haijawekewa milango. Wakuu walikuja na kuondoka, yeye yupo, na taipureta yake ipo, na kikombe chake cha chai ya tangawizi kipo. Aliivuta karatasi kutoka kwenye jalada lililorudi na sahihi tatu, akaisogeza mbali kidogo na macho yake, akaisoma kwa sauti ya chini, maana akiisoma kwa nguvu ingekuwa imeshatokea. "'Hakuna mtu atakayetahini, kufundisha, kusimamia wala kutahiniwa katika Programu hii asipokuwa amefaulu Kozi Sifuri. Badiliko hili linaanza kutumika tangu miaka hamsini iliyopita.' Basi. Ndilo hilo."

"Wamenilenga mimi."

"Wewe na nani mwingine? Wa zamani umebaki peke yako. Profesa Ngwilizi alisimama hapo hapo uliposimama, akasema yule binti aliingia kabla Kozi Sifuri haijaundwa, hii itamng'oa na mizizi."

"Lakini nimeifanya mara nane!"

"Unaniambia mimi? Matokeo yako yote nane nimeyachapa kwa vidole hivi. Yamo kwenye faili lako." Bi Tabu akanywa chai, akaguna. "Sasa wao watajuaje? Wafungue faili?"

Inafaa niseme jinsi walivyofanya kazi, maana usipojua hilo utadhani nawasingizia. Kila andiko la Idara lilipitishwa kwa mzunguko. Jalada lilitoka kwa mhazili likaenda kwa Dakta Masalu, ambaye hakusoma, kwa sababu alijua Dakta Bupe ni mtu makini na atasoma. Dakta Bupe aliiona sahihi ya Masalu, akasema kama Masalu ameridhika mimi ni nani, akatia yake. Profesa Ngwilizi, Mkuu wa Idara, aliziona sahihi mbili, akatia ya tatu na mhuri juu. Kwa njia hiyo watu watatu waliosomea kusoma, waliofundisha kusoma, waliozeeka katika kusoma, walipitisha sheria nane bila kusoma hata moja. Wala hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alimwamini mwenzake, na pale katikati ya kuaminiana kwao palikuwa na shimo ambalo tembo angepita na watoto wake.

"Bi Tabu," Sikudhani akasema taratibu, "wao Kozi Sifuri waliifanya lini?"

Bi Tabu akaweka kikombe chini.

"Kozi Sifuri ina miaka tisa," akasema. "Wao wamo humu zaidi ya thelathini."

Wakatazamana. Kisha Sikudhani akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumlazimisha kuketi juu ya rundo la tasnifu za wenzake zilizokwisha kufa. Alicheka mpaka akalia kidogo.

"Na hukuwaambia?"

"Mimi nachapa, mwanangu. Niliwahi kuwaambia kuna kosa, mwaka gani vile, wakaniandikia barua kwamba mhazili asome kwa vidole, macho ayaachie wenye shahada. Barua yenyewe nimeichapa mimi." Akamkabidhi lile Badiliko. "Wapelekee. Wanalisubiri huko ukumbini, na sina miguu ya ngazi zile."

Ngazi za kwenda ukumbini zilikuwa na tabia ya kuongezeka. Sikudhani alizihesabu kila mara na kila mara zilizidi. Akapanda, tasnifu mkono huu, Badiliko mkono ule, na moyo wake ukaanza kusema naye vipande vipande, kama unavyosema ukiwa huna wa kukujibu.

Nani alimtahini Profesa? Profesa mwingine. Na yule? Mwingine. Haya, rudi nyuma. Rudi mpaka wa kwanza kabisa. Huyo nani alimtahini? Alisimama mbele ya nani akatetemeka? Hakuna. Lazima hakuna. Basi alijuaje kuwa anajua? Alikuta kiti. Kiti kitupu, chumba kitupu. Akakaa. Aliyeingia baada yake akamkuta ameketi, naye akasimama. Basi, ni hilo tu. Mmoja aliwahi, mwingine akachelewa. Na mimi nimesimama miaka tisa kwa sababu ya mtu aliyewahi. Nimemwogopa. Nimemwota. Nimemwandikia barua za kuomba radhi kwa makosa ambayo hata sijayafanya. Ebo! Na kama ningeingia mimi kwanza?

Hapo alisimama kidogo, pumzi zikimwenda mbio, kwa sababu wazo lile halikumfurahisha kama alivyotarajia. Kama angeingia yeye kwanza, angekaa. Alijijua. Angekaa, angepandisha mguu mmoja juu ya mwingine, na angemwambia wa pili asimame. Mtu hukichukia kiti mpaka siku atakapopewa yeye. Ndiyo maana viti vya namna ile havivunjiki, vinabadilisha makalio tu. Alilitafakari hilo ngazi kumi nzima. Mwanzoni alikuwa amekuja kutaka nafasi katika daftari lao. Sasa hakuwa na hakika kama daftari lenyewe lilikuwa na maana, na bado aliitaka tasnifu yake iishi, tena aliitaka kuliko jana. Kurasa zile zilikuwa na watu ndani yake, na watu wale hawakuwa na mahali pengine pa kukaa.

Ukumbini palikuwa na meza ndefu. Nyuma ya meza, viti vinne. Kimoja cha Profesa Ngwilizi, kimoja cha Dakta Masalu, kimoja cha Dakta Bupe, na cha nne, kikubwa kuliko vyote, cha Mtahini wa Nje. Mtahini wa Nje hakuwahi kuja. Joho lake jekundu lilivishwa kwenye kiti, wajumbe wakiliamkia kila walipoingia, na katika kumbukumbu za kila kikao iliandikwa kwamba alikuwepo na aliridhika.

"Umeleta?" Profesa Ngwilizi aliuliza, mkono ameshaunyoosha. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na siku ile alikuwa na furaha ya kupindukia. "Vizuri. Keti. La, usiketi, halitachukua muda. Binti, nataka ujue hatuna ugomvi na wewe. Programu inasonga mbele, na wewe uliingia kwa utaratibu wa zamani. Dunia haiwezi kukusubiri."

"Nasikia, Profesa. Naomba ulisome."

"Ndilo nitakalolifanya."

"Kwa sauti, Profesa."

"Ala! Unanifundisha kazi?" Akasafisha koo, akasimama, akalisoma Badiliko la Tisa kwa sauti yake nzuri, akilipa kila neno haki yake, mpaka kwenye miaka hamsini iliyopita.

Mara likawa limetokea.

Halikuja kwa kishindo. Kibao cha jina mezani mbele yake kilikuwa kimeandikwa Profesa. Sasa hakikuwa kimeandikwa kitu, wala hakukuwa na alama kwamba kiliwahi kuandikwa. Kwenye mkono wa Dakta Bupe palipokuwa na kalamu nyekundu palikuwa na barua ya udahili, imekunjwa mara nne, imelowa jasho. Dakta Masalu alisimama ghafla akaomba radhi kwa kuketi upande usio wake. Mvi zao zilibaki, mikunjo ilibaki, ila machoni mwao ulirudi woga wa siku ya kwanza, ule wa mtu anayeogopa kuulizwa choo kiko wapi kwa vile hata yeye hakijui. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

"Kuna kosa," akasema Ngwilizi. "Mimi nimefundisha hapa… nilifundisha…" Akatafuta ndani ya kichwa chake, na miaka thelathini na mitatu haikuwepo. "Nani kasaini kitu hiki?"

"Ninyi watatu," Sikudhani akasema.

"Mimi niliona sahihi ya Masalu," akasema Bupe.

"Mimi nilijua utasoma wewe!" Masalu akamjibu, karibu kulia.

Sikudhani aliwaacha wabishane. Nisikufiche, alifurahi. Alifurahi furaha mbichi, isiyo na adabu, ya mtu aliyenyimwa miaka tisa akaona mnyimaji anaomba. Kama angekuwa na vigelegele karibu angevipiga.

Ngwilizi ndiye aliyepata akili kwanza. Alizunguka meza, akaja karibu, na sauti ikawa ya chini. "Wewe Kozi Sifuri unayo?"

"Mara nane."

"Mara nane! Basi umebaki wewe. Wewe peke yako ndiye mwenye sifa humu ndani." Akalichukua lile joho jekundu kutoka kwenye kiti, akalipangusa vumbi, akalishika wazi kama fundi anayempima mteja. "Vaa. Kaa pale. Andika Badiliko la Kumi, liseme kwamba sisi tulifaulu. Mstari mmoja tu. Na lako pia utaliandika, kwamba tasnifu yako imepita. Hakuna utetezi, hakuna masahihisho. Leo hii jina lako linaingia, kitabu kinapanda rafuni. Dada yangu, ni sahihi tu."

Alimwita dada. Asubuhi alikuwa binti.

Kitambaa cha joho kilikuwa kizito, kikinuka kabati. Sikudhani alikigusa, kwa nini nidanganye, alikigusa na akapima uzito wake kwa vidole. Kila alichokitaka kilikuwa pale. Akitia sahihi, tasnifu ingepona. Ingekaa rafuni miaka mia, imepitishwa na yeye mwenyewe, haijasomwa na mtu, na nyuma yake wangekuja wengine wa kupitishwa, kila mmoja akiiona sahihi yake na kutia ya kwake. Naye angekuwa yule wa kwanza, aliyekuta kiti.

"Profesa," akasema, na alilitumia jina lile kwa makusudi, "tasnifu yangu inahusu nini?"

"Inahusu… ni ya fasihi."

"Dakta Bupe? Wewe ulikuwa msimamizi wangu. Umeandika ripoti kumi na saba kwamba naendelea vizuri. Inahusu nini?"

Dakta Bupe akaitazama barua yake ya udahili.

"Hamna habari," Sikudhani akasema, na sauti ikaanza kumpanda, akaiacha ipande. "Miaka tisa! Mmenirudisha mwanzo mara nane kwa ajili ya kitu ambacho hamjakifungua hata kifuniko. Nimezeeka humu, nimepata mvi nikanyang'anywa, nikazipata tena. Mimi sikuja hapa kupitishwa. Ningetaka kupitishwa ningeolewa na mhuri. Nilikuja kusomwa! Nataka mtu asome, akatae, abishe, aniambie hapa umekosea, nami nimwambie sikukosea. Joho lenu sivai. Kiti chenu sikai, wala Badiliko la Kumi siandiki, leo wala kesho wala hiyo jana yenu."

"Utatuua," akasema Masalu.

"Hakuna anayekufa. Kozi Sifuri ipo wazi kwa kila mtu. Mnachotakiwa ni kusoma kitabu kimoja, mwanzo hadi mwisho." Akaiweka tasnifu mezani, kurasa mia tatu na kumi na mbili, akaisukuma hadi mbele ya Ngwilizi. "Leo kitabu chenu ni hiki, si kile cha chumbani. Kwa sauti. Kwa zamu. Na hakuna kusainiana."

Ngwilizi aliitazama ile karatasi ya kwanza. Unaweza kudhani angeondoka. Mlango ulikuwa wazi. Lakini aende wapi, mtu ambaye hajawahi kufanya kitu kingine, na sasa hata hicho hajakifanya? Akavuta kiti cha upande wa wanafunzi, kile kidogo chenye mguu mbovu, akakaa. Akaanza.

Alisoma vibaya. Kiingereza chake kilikuwa safi, mimi nakupa kwa Kiswahili tu ili twende pamoja, ila alisoma kama mtu anayepita njia ya matope na viatu vipya. Alisoma habari za Shangazi Mgeni, fundi cherehani, aliyeokota riwaya ya Kiingereza isiyo na kurasa za mwanzo, akawa anawasomea mafundi wenzake kumi na mmoja kila baada ya chakula cha mchana, akiigeuza Kiswahili palepale mdomoni. Bupe akapokea, akasoma jinsi wanawake wale walivyompenda binti wa kazi aliyekuwa ndani ya kitabu, wakamshonea na jina. Masalu akapokea, akajikwaa, akarudia mstari bila kuambiwa. Saa ya ukutani ilisimama, ikaenda, ikarudi, hakuna aliyeijali. Zamu ikarudi kwa Ngwilizi, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua uzuri, imekuwa sauti tu.

Akasoma mahali ambapo bwana mwenye nyumba anamfukuza yule binti, naye anafia njiani, na kitabu kinakwisha huku bwana akinywa chai. Cherehani zote kumi na mbili zilinyamaza. Fundi mmoja, Mwanahawa, akamwambia Shangazi Mgeni arudi nyuma, amesoma vibaya. Akarudi, binti akafa. Rudi tena. Akarudi, binti akafa. Mara ya nne Shangazi Mgeni akasema jamani, mimi nifanyeje, kitabu ndivyo kinavyosema. Mwanahawa akasimama, sindano ingali mdomoni, akauliza, "Na hicho kitabu, nacho kimeulizwa na nani?"

Ngwilizi akaishia hapo. Ukurasa ulikuwa umekwisha, na ukurasa uliofuata ulikuwa pale chini ya kidole chake, ungegeuzwa kwa pumzi. Hakuugeuza. Aliinua uso, akamtazama Sikudhani, na kwa mara ya kwanza uso ule haukuwa na lolote la kumtangazia.

"Lakini ngoja," akasema. "Huyo Mwanahawa hajui Kiingereza, kitabu hajakishika hata siku moja. Ana haki gani ya kukikatalia mwisho wake? Mimi hapa sikubaliani na wewe."

Miaka tisa Sikudhani alikuwa amelisubiri neno hilo. Alivuta kiti akakaa mbele yake, uso kwa uso, akaviweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Hukubaliani," akasema. "Vizuri sana. Sasa nisikilize."